Shibiri Mbili na Vidole Vitatu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani kwamba mabenchi nitakayoyaeleza hapa yalitokana na bidii. Wanaume wenzangu wa mtaa wetu wa Ufukoni wakitoka kazini walikuwa na mahali pa kwenda: wengine kwenye bao, wengine kwenye kahawa, wengine kwenye mikutano ya chama, na wengine mahali ambapo wake zao walipafahamu vizuri kuliko wao walivyodhani. Mimi nilikuwa natoka ghalani kule bandarini, nilikokuwa karani, narudi moja kwa moja, navua viatu, nakaa. Kukaa nilikuwa nakujua. Tatizo ni kwamba nilikuwa nakaa katika nyumba ya mama mkwe.

Kwetu ni Mikindani. Nilipooa nikahamia kwa mke, ndugu zangu walisema wazi kwamba safari hii ameolewa kijana wao. Lakini kwa watu wa mke wangu, waliotoka ng'ambo ya Ruvuma zamani kidogo, kufuata kazi ya mkonge, huo ndio utaratibu: mwanamume ndiye anayehamia. Mama mkwe alivuka mto akiwa na mume na watoto wawili. Mume akafia huku. Mtoto wa kiume alipokua akaenda Dar es Salaam kufanya kazi ya udereva, na wa kike akabaki kwa mama yake, mpaka nilipotokea mimi na godoro langu moja.

Kwetu, mama mkwe unamheshimu kwa kumwamkia vizuri. Kwao unamheshimu kwa kutokutana naye. Humtazami usoni, huli naye, hukai kiti alichokalia, na mkikaribia kugongana njiani mmoja anakata kona. Hayo yote ni rahisi mtu akiwa na shamba kubwa. Sisi tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na ukumbi mmoja. Ikabidi tutengeneze utaratibu wa vikohozi. Nikikohoa mara moja, napita ukumbini. Mara mbili, nakwenda uani. Yeye akikohoa, mimi narudi nyuma hata kama nimeshika ndoo ya maji ya kuoga. Mgeni mmoja aliyelala kwetu siku mbili alituletea dawa ya kifua.

Kuzungumza tulizungumza, lakini kupitia kwa mke wangu. Mama akiwa chumbani kwake na mimi chumbani kwangu, ukuta wa udongo katikati, nao haukufika juu kwenye paa, tulisikiana kila neno. Hata hivyo mama alisema, "Mwambie mumeo chumvi imekwisha," na mke wangu akasema, "Mama anasema chumvi imekwisha," na mimi nikasema, "Mwambie mama nimesikia."

Katika nyumba hiyo, aliyejua kusoma ni mimi peke yangu. Nilifika sekondari, jambo ambalo sikuwaacha walisahau. Barua za shemeji yangu wa Dar es Salaam zilikuja kwa anwani ya kazini kwangu, nami nilikuwa nazileta nyumbani, nakaa kitandani, nazisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mama alikuwa anasikiliza upande wa pili wa ukuta. Nikimaliza aliomba apewe karatasi, akazitia kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine.

Sasa, shemeji hakunipenda. Katika kila barua, baada ya salamu za majirani, alikuwa na sentensi moja kwa ajili yangu. "Huyo mkwe wako bado yupo? Bado amekaa?" Au: "Mama, nasikia mpaka leo hajajenga hata banda la kuku." Sentensi kama hizo nilikuwa naziruka. Na kwa kuwa mtu akiruka sentensi sauti inatikisika kidogo, nilikuwa naweka nyingine mahali pake: "Msalimie sana shemeji yangu, mwambie nashukuru jinsi anavyowatunza." Nilijisalimia kwa ukarimu mkubwa. Mama alikuwa anaguna upande wa pili, "Mmh," na mimi niliupokea mguno huo kama pongezi.

Kama ningeishia hapo ningejisamehe. Lakini ilifika barua yenye maneno haya: "Mama, njoo ukae kwangu. Nimepata vyumba viwili. Njoo." Nikayaruka pia. Mara ya kwanza niliyaruka kwa sababu yalinishtua. Mara ya pili kwa sababu niliyaruka ya kwanza. Mara ya tatu ilikuwa mazoea tu. Niliwaza kwamba mama akienda, mke wangu hatakaa wiki mbili bila kumfuata, na mimi nitabaki mlinzi wa nyumba isiyo yangu, nikijikoholea mwenyewe. Na majibu ya barua aliyekuwa anayaandika ni nani? Ni mimi. Shemeji akawa anapata, kwa mwandiko wangu mzuri wa kulala, "Kuhusu kuja huko, mama anasema atafikiri." Nikawa posta, nikawa redio, nikawa hata mama mwenyewe.

Miaka ile ya mwanzo wa sabini ndipo kisomo cha watu wazima kilipopamba moto. Kila mtaa ulitakiwa uwe na darasa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee fundi wa mashua, mwenye vidole vilivyojaa lami, naye alifika kwetu alasiri moja nikiwa nimekaa.

"Karani, hujambo?"

"Sijambo, mzee balozi. Shikamoo."

"Marahaba. Naona umekaa."

"Nimekaa, mzee."

"Vizuri. Umekaa kwenye baraza kubwa kuliko zote katika nyumba zangu kumi. Kisomo cha wanawake kitafanyika hapa, Jumatatu na Alhamisi, saa kumi."

Nilimwambia hilo ni jambo la mama mwenye nyumba. Kutoka ndani, kupitia juu ya ukuta, ikaja sauti ya mama mwenye nyumba: "Mwambieni balozi, mimi nimekubali tangu jana." Mke wangu alikuwa mlangoni, na ule uso wake ulinionyesha kwamba hata yeye alikubali tangu jana. Aliyekuwa hajui ni mmoja.

"Kuna jambo moja," balozi akasema. "Mwalimu anataka mabenchi na meza. Anasema wakiandika juu ya mapaja mwandiko unakuwa kama njia ya konokono. Hapa kukiwa na mabenchi, darasa ni hapa. Yasipokuwepo, darasa ni ofisi ya chama, kule juu barabarani."

Ofisi ya chama ilikuwa mbali, na njia yake ni mchanga mtupu. Mama mkwe alikuwa na goti lililovimba. Kwenda kisimani tu alikuwa anapumzika mara mbili. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwa wote. Kukiwa na mabenchi barazani, mama atasoma. Bila mabenchi, hatasoma.

"Mwambie mumeo," ikasema sauti ya juu ya ukuta, "nataka kuzisoma barua za mwanangu mimi mwenyewe kabla sijafa. Yeye amesoma mpaka sekondari. Hawezi kushindwa na mbao."

Mke wangu akageuka kunipa ujumbe. Nikamwambia nimesikia.

Nataka msomaji aone nilivyokamatwa. Ilinibidi nijenge kwa mikono yangu mwenyewe mabenchi ambayo mama mkwe angekalia ili ajifunze kusoma kile nilichomficha. Kukataa sikuweza, maana ningekuwa nathibitisha kila sentensi ya shemeji. Nikafanya anachofanya mtu aliyesoma: nikakubali kwa maneno mazuri, kisha nikachelewa.

Nilichelewa kwa uhodari. Wiki ya kwanza nilichora. Shuleni tulifundishwa useremala mwaka mmoja, na katika mwaka huo nilitengeneza kishikio cha kalamu ambacho hakikushika kalamu, lakini mchoro wake ulisifiwa. Wiki ya pili nilitafuta mbao. Ghalani kulikuwa na makasha yaliyovunjika, ya mitambo iliyotoka Ulaya, mbao nyeupe laini zenye maandishi meusi ya kigeni, na mkuu wangu aliniruhusu nichukue. Kwa miguu nilipata boriti za mikoko. Wiki ya tatu nilitangaza kwamba misumari niliyonayo haifai. Hilo lilikuwa kweli: kila msumari niliogonga kwenye mkoko ulijikunja kama jongoo aliyeguswa. Balozi alinikuta uani nikiwa na rundo la misumari iliyopinda.

"Karani, huo ni mkoko, si faili. Toboa kwanza."

"Nitoboe na nini, mzee?"

Akarudi na keekee yake, ile ya upinde na kamba, na akakaa kunitazama ninavyoivuta. Baada ya matundu mawili akasema, "Mashua uliyoitengeneza wewe nisingepanda hata ikiwa juu ya mchanga." Lakini aliniachia keekee, na kwa hivyo kisingizio cha misumari kikafa.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Nilimwita mke wangu.

"Nahitaji urefu wa mguu, kutoka kisigino mpaka chini ya goti."

"Mguu wa nani?"

"Wa mama. Ndiye mfupi kuliko wote. Benchi likimfaa yeye, wote wamepona."

"We bwana! Unataka kupima mguu wa mama mkwe wako?"

"Sipimi mimi. Kapime wewe."

Alikwenda. Nikasikia mnong'ono, kisha mama akisema kwa sauti kwamba yeye si kitambaa cha dukani cha kupimwa na watu. Alijipima mwenyewe, akiwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Mke wangu akarudi na jibu: "Mama anasema shibiri mbili na vidole vitatu."

Fundi yeyote wa Mikindani, hata yule asiyejua kuandika jina lake, angeuliza: shibiri za mkono gani? Mimi sikuuliza. Mimi nilikuwa na elimu. Katika kitabu cha hesabu cha shule tuliandikiwa kwamba shibiri moja ni inchi tisa, na nilikuwa na rula. Nikazidisha. Tisa mara mbili, kumi na nane. Vidole vitatu, nikavipa inchi mbili na robo. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mwangalifu, nikaongeza na unene wa ubao, ingawa hakuna aliyeniambia niuongeze. Miguu yote ikakatwa hivyo. Meza nazo nikazipandisha kufuata mabenchi. Na ili kazi isije ikachekwa, nilizipigilia mbao za kuifunga miguu pamoja, chini kabisa, karibu na ardhi, imara kama geti la bandari.

Shibiri ya mama mkwe, kama mtu angeutazama mkono wake, haikufika hata inchi saba. Lakini mimi katika miaka saba nilikuwa sijautazama mkono wake. Nisingeweza. Nilikuwa na adabu.

Siku ya kuanza walifika wanawake kumi na mmoja, wamejifunga khanga zao nzuri, pamoja na mwalimu, msichana mwembamba aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, mwenye ubao mdogo mweusi kichwani. Mimi nilijifungia chumbani kwa sababu mama mkwe angekuwa barazani. Dirisha la mbao lilikuwa na ufa. Sikukusudia kuchungulia. Nilikaa tu mahali ambapo ufa ulikuwa mbele ya jicho.

Kilianza kicheko. Mmoja aliuliza, "Haya ni ya kukalia au ya kuanikia samaki?" Mwingine akasema, "Shoga, nisukume, nisukume, nimefika katikati." Mke wangu mwenyewe alipanda kwa kuruka, akakaa, akatazama chini kama mtu aliye juu ya mnazi. Meza zilikuwa zimewafika shingoni. Waliweka videvu juu ya mbao, madaftari yakawa usawa wa pua, na mbele yao yakasomeka, kwa herufi kubwa nyeusi, maneno ya Kizungu ya kwenye makasha, kwamba kasha lisigeuzwe juu chini.

"Karani ametujengea mimbari," akasema balozi, aliyekuwa amekuja kushuhudia.

Mwalimu naye alijitahidi asicheke, akashindwa, kisha akasema kwa upole, "Jamani, kwa hivi hatuwezi kuandika. Bora twende ofisi ya chama. Kule kuna mabenchi ya kawaida."

Wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wakishikana mikono. Nami, huko ndani, naomba nikiri jinsi nilivyojisikia. Nilijisikia mtu aliyesalimika. Nimejenga, kila mtu ameona nimejenga. Na darasa linaondoka. Sikuhitaji kufanya kitu kingine chochote, na kutofanya kitu ndiyo fani yangu.

"Nyie nendeni," nikasikia sauti ya mama. "Mimi nakaa hapahapa."

"Mama, huwezi kusoma peke yako," mwalimu akamwambia.

"Basi niandikie hiyo moja uliyoileta leo, nikae nayo."

Ndipo nilipotazama, vizuri, bila kujidanganya kwamba ni ufa. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama mkwe wangu. Alikuwa mdogo sana. Sauti ile ya juu ya ukuta ilikuwa imenifanya nifikirie mwanamke mkubwa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi langu, ameishika penseli kwa ngumi kama mtu anayeshika mchi, na miguu yake, mmoja umevimba gotini, ilikuwa inaning'inia hewani bila kufika popote. Mwalimu alimwandikia herufi a. Mama akanyoosha mkono juu ili aifikie meza, akaichora. Ikatoka kubwa, imelala upande. Akaitazama. Akaichora tena.

Nikaondoka dirishani. Nilikaa kitandani, na kukaa kwenyewe hakukuwa na raha.

Mwalimu alisema atatoa nafasi mpaka Alhamisi. Kukata miguu kusingewezekana: ile mifungo yangu ya chini, ya geti la bandari, ilikuwa mahali palepale msumeno ungepita, na ukiiondoa benchi zima linatawanyika. Nilimwomba mke wangu kipimo kingine. Safari hii sikutaka hesabu. Nilimpa ufito mnyoofu, nikamwambia amsimamishie mama kando ya mguu, mama mwenyewe atie alama ya mkaa. Aliurudisha ufito ukiwa na mstari mweusi, na ujumbe.

"Mama anauliza, kitabu chako kilikuwa cha kupima watu au tembo?"

"Mwambie mama nimesikia."

Jumatano sikwenda kazini. Nilituma neno kwamba naumwa mgongo, na ilipofika jioni halikuwa uongo tena. Nilichimba. Baraza letu lilikuwa la udongo ulioshindiliwa miaka mingi, mgumu kuliko nilivyokumbuka udongo kuwa. Kila mguu wa benchi na wa meza niliuchimbia tundu lake, mifungo nayo nikaichimbia mifereji, vyote vikazama mpaka ufito ukalingana na juu ya ubao wa benchi. Kisha nikajaza, nikamwaga maji, nikashindilia kwa mchi wa nyumbani, jambo ambalo mke wangu alilijua baadaye, kwenye unga. Balozi alipita mara tatu. Mara ya tatu alisimama.

"Karani, umeyapanda?"

"Nimeyapanda, mzee."

"Sasa hata serikali ikitaka kulihamisha darasa hili, itabidi ihame na nyumba." Akaliketia moja, akajitikisa, likakaa kimya. "Mmh," akasema. Na huo, sawa na ule wa mama, baada ya miaka saba katika nyumba ile, nilianza kuelewa kwamba si mguno wa pongezi. Ni mguno wa mtu anayengoja aone.

Kisomo kikaendelea. Mvua za masika zikaja zikapita, na kila Jumatatu na Alhamisi saa kumi nilikuwa nasikia kutoka chumbani kwaya ya silabi. Ba, be, bi. Mama alikuwa na matata na herufi r, ambayo ulimi wake uliikataa tangu utoto. Mwalimu akisema barua, yeye alisema balua, na akisahihishwa alijibu, "Mwalimu, mimi balua nazipokea tangu wewe hujazaliwa. Endelea." Mke wangu alikuwa mwepesi zaidi, alisoma hadi karatasi za kufungia chumvi. Barua moja ya shemeji ilifika katika miezi hiyo. Niliisoma kama kawaida, kwa sauti ya redio, lakini nilipofika kwenye sentensi yangu nilijisalimia kwa ufupi tu.

Kisha ikaja Alhamisi moja ambayo wanawake waliondoka na mama hakuingia ndani. Nilisikia kopo la biskuti likifunguliwa.

Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na kidole chake nilikisikia kikikwaruza karatasi. Salamu za majirani peke yake zilimchukua muda wa mtu kwenda sokoni na kurudi. Nilikuwa nazijua barua zile kwa kichwa. Nilijua sentensi gani inafuata, na nilikaa nikiingoja kama mtu anayesikiliza gari linakuja na yeye yuko katikati ya barabara.

"Hu-yo... m-kwe... wa-ko... ba-do... yu-po? Ba-do... a-me-ka-a?"

Karatasi ikageuzwa. Akaenda kwenye nyingine, na nyingine. Mke wangu alitoka jikoni akasimama karibu naye. Nilisikia bangili zake. Mama akasoma tena, na safari hii hakukata silabi.

"Njoo. Mama, njoo. Njoo." Halafu akasema, bila kupaza sauti, maana alijua haikuhitajika: "Muulize mumeo. Neno hili njoo, kwa watu wa sekondari, lina maana gani?"

Mke wangu hakunipa ujumbe. Ilikuwa mara ya kwanza kukataa kazi hiyo. Alisema tu, "Umesikia."

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Mtu huwa hakosi maelezo akiwa na miezi ya kujiandaa. Nilikuwa na la barabara mbovu, nilikuwa na la goti, nilikuwa na hata la hali ya hewa ya Dar es Salaam. Yote yalikuwa mazuri, nami nikayaacha.

"Mwambie mama," nikasema, "niliyaficha maneno hayo. Niliogopa akienda, binti yake atamfuata, na mimi sitakuwa na kwangu."

Mke wangu alisema, "Mama, anasema..." na mama akamkatiza: "Nimesikia."

Wiki mbili hakuna aliyekohoa katika nyumba ile. Sikujua kwamba mtu anaweza kukikosa kikohozi. Tulipishana kwa kubahatisha, na mara moja tulikutana uso kwa uso kwenye mlango wa uani. Tukageuka wote wawili kwa haraka tukagonga, yeye kizingiti, mimi mtungi. Mke wangu alinipikia, aliniwekea maji, alinijibu nilichouliza. Ubaya wa adabu ni kwamba inaweza kutumika hivyo.

Kisha mama akatangaza, kwa balozi, akijua nipo ndani, kwamba anakwenda kwa mwanawe. Atapanda meli ya abiria ikifika. Hakumtuma mtu aniulize naonaje. Siku ya safari niliubeba mzigo wake mpaka bandarini, nikitembea nyuma yake hatua thelathini kama inavyopasa, na kwa jinsi alivyokuwa anapumzika kila baada ya nyumba tatu, nami nikisimama kila anaposimama, watu waliotupita walidhani namwinda. Mke wangu alimpandisha. Mimi nilisimama kwenye kivuli cha ghala langu, na kabla ya ngazi kuondolewa mama alimwambia binti yake kitu ambacho sikukisikia. Nilimuuliza njiani amesema nini. "Amesema nisikufukuze mpaka arudi," akanijibu, na uso wake haukuonyesha kama ni mzaha.

Ulipita mwezi na siku kadhaa. Darasa liliendelea barazani bila yeye, na kila wakikaa waliacha mahali pake wazi. Siku moja mezani kwangu kazini ikawekwa bahasha. Mwandiko haukuwa wa shemeji. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimelala upande, na jina lililoandikwa halikuwa na "kwa mkono wa" wala "mpatie". Lilikuwa langu, la kwangu tu, na r yake ilikuwa imewekwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka.

Niliifungua palepale, kati ya magunia ya korosho za msimu uliopita. Haikuwa na nukta hata moja, kwa hiyo naiandika kama ilivyokuwa:

"mkwe wangu hujambo mimi mzima nimefika salama mwanangu ana nyumba nzuri anakusema sana nimemwambia ayamalize yote kwa mdomo asiandike tena barua ni ya kusalimiana goti afadhali kidogo hapa kelele nyingi nitarudi korosho zikianza nyumba ni ya binti yangu na wewe ukiwa naye ni yako hukuniuliza ungeniuliza ningekuambia nijibu wewe mwenyewe usiseme mwambie mama"

Nyumbani nilimpa mke wangu, akaisoma mwenyewe toka juu hadi chini, midomo ikicheza. Alipomaliza aliikunja akanirudishia. "Basi mjibu," akasema, akaenda zake jikoni.

Nilichukua karatasi nzuri ya ghalani, nikatoka nayo barazani. Nikaandika "Mama, shikamoo." Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kulala. Kisha nikabaki nimeishika kalamu. Miaka saba tuliishi nyumba moja na sikuwahi hata mara moja kumwambia yeye mwenyewe neno, hata lile la chumvi. Wanakisomo walifika saa kumi, wakanikuta bado nipo kwenye mstari wa kwanza, wakaniambia nisogee.